Magugu Yamegeuka Meupe, na Maharage Je?

Ndugu mkulima, ukipulizia dawa yenye mesotrioni kwenye mahindi, magugu hayanyauki siku hiyo hiyo. Yanaanza kuwa meupe kwenye majani machanga, kama yamepakwa chokaa, halafu yanakufa ndani ya wiki mbili hivi. Wengi mnadhani dawa imeyaunguza. Hapana, jua ndilo limeyaunguza. Dawa imeyavua mwavuli tu.

Iko hivi. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kinachoitwa HPPD. Katikati kimeshika atomu moja ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachokamata oksijeni. Kimeng'enya kinachukua kemikali inayotokana na tairosini, kinaipachika atomu mbili za oksijeni, kinatoa hewa ukaa, na kinachobaki kinaitwa homojentisati. Mmea unaitumia kutengeneza vitamini E, na pia plastokwinoni. Plastokwinoni ikikosekana, karotenoidi (jamaa wa ile rangi ya karoti) hazitengenezwi, na hizo ndizo mwavuli wa ukijani. Jua likiwaka, kwisha habari.

Mesotrioni inang'ang'ania pale pale kwenye chuma, kimeng'enya kinakwama. Asili yake ni mti bwana! Mwaka 1977 huko California ilionekana kwamba chini ya Callistemon citrinus magugu hayaoti sana, wakaanzia hapo.

Sasa mahindi nayo si yana HPPD? Yanayo, ila yanaivunja mesotrioni upesi kabla haijaleta madhara. Maharage hayawezi. Kwa hiyo shamba lenye mahindi na maharage pamoja usilipulizie, hata kama maharage bado hayajaota, maana dawa inabaki udongoni na mizizi inaivuta. Unapanga kupanda maharage au mboga msimu ujao? Soma kwanza kwenye lebo muda wa kusubiri. Na bomba ulioshe vizuri, siyo kusuuza mara moja tu.

La mwisho, na hili linawaumiza wengi wakati wa viwavijeshi: usichanganye mesotrioni na viuadudu vya kundi la oganofosfeti, kama klorpirifosi au profenofosi, ili umalize kazi kwa mpigo mmoja. Hivyo vinazuia uwezo wa mahindi kuivunja mesotrioni, na mahindi yako yenyewe yanaanza kuwa meupe.