Krediti Bila Darasa: Kifaransa Chako Kina Thamani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba shahada ya kwanza nchini Marekani huhitaji krediti 120 hivi, na kwamba somo moja la muhula kwa kawaida lina krediti tatu. Leo tutazame CLEP, mpango wa mitihani unaomwezesha mtu mzima kupata sehemu ya krediti hizo kwa yale anayoyajua tayari.

Shirika la College Board liliuanzisha mwaka 1967, lakini wazo lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanajeshi wengi wa Marekani walisoma kwa posta wakiwa kambini. Waliporudi, vyuo vilihitaji namna ya kupima elimu iliyopatikana nje ya darasa.

Mitihani iko 34, mingi ya dakika 90, nayo hufanywa kwa kompyuta. Alama huanzia 20 hadi 80, na Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hupendekeza 50 iwe alama ya kupata krediti. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali lolote. Anayekosa husubiri miezi mitatu kabla ya kurudia.

Mtihani ambao ningependa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wauangalie kwa makini ni ule wa Kifaransa. Wengi wao walisoma sekondari kwa lugha hiyo, Bukavu, Uvira au Bujumbura, na leo wanafanya kazi za viwandani au za kutunza wazee wakiamini kwamba elimu yao iliishia mpakani. Haikuishia huko. Mtihani huu hupima kusikiliza na kusoma tu; hakuna insha wala mahojiano. Kwa alama 50, ACE hupendekeza krediti sita. Kwa 59, krediti tisa. Tisa ni sawa na masomo matatu, na ada ya mtihani ni ndogo mno ukiilinganisha na karo ya masomo hayo. Shirika la Modern States hutoa masomo ya bure mtandaoni ya kujiandaa na mitihani ya CLEP, na humlipia ada anayeyakamilisha.

Kiswahili hakimo katika CLEP, na hilo linasikitisha. Kimo, hata hivyo, katika kipimo cha mazungumzo cha shirika la ACTFL, ambacho nacho baadhi ya vyuo hukipa krediti.

Hapa ndipo watu huumia: ACE hupendekeza tu, mwenye uamuzi ni chuo. Kimoja kitakupa krediti tisa, kingine sita, kingine hakitakupa hata moja. Vipo visivyotoa krediti kwa lugha ya mama ya mwanafunzi. Tena krediti za lugha huweza kuhesabiwa kama masomo ya hiari, zisimpunguzie kitu anayesomea uuguzi.

Basi kabla ya kulipa hata senti, nenda kwa msajili wa chuo unachokitaka. Uliza wanapokea mitihani ipi, kwa alama ngapi, na krediti hizo zitaingia wapi katika programu yako. Usiridhike na jibu la mdomo, omba wakuandikie.