Maji ya waipa hayatoki? Zibua mwenyewe kabla hujashusha mzigo Muheza

Leo tuache kidogo iliki na pilipili manga, tuongelee chombo kinachozibeba. Wengi wenu sasa mna kirikuu, Noah au Hiace ya kushushia mzigo, na masika haya lalamiko ninalolisikia ni moja: ukiwasha maji ya waipa, kioo kinabaki kikavu. Wengine wameshazoea. Wanatembea na chupa ya maji pembeni ya kiti, kila baada ya kona kadhaa wanasimama kumwagia kioo.

Hilo si la kuzoea. Kutoka Amani hadi Muheza ni kama kilomita 35, na huku juu, kwenye mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, unaanza kuteremka kona baada ya kona, mara nyingi ndani ya ukungu. Ukipishana na lori, linakupaka tope jekundu kioo kizima. Waipa ikipita bila maji haifuti, inasambaza. Hata kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa gari linakula mita 11 kila sekunde. Sekunde tatu za kutoona ni zaidi ya mita 30, na una watu pembeni na mzigo nyuma. Kiangazi nako ni vumbi, na ukishuka asubuhi jua linakupiga usoni kwa sababu Muheza iko upande wa mashariki. Tena chembe za mchanga zilizo kwenye tope zinakwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki kwa kuosha.

Kazi ya kuzibua unaijua tayari kama umewahi kuzibua nozeli ya bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Ni tanki, chujio, pampu, mpira na kitundu. Tofauti ni kwamba pampu hii inaendeshwa na betri.

Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, zima injini. Hakikisha tanki lina maji (usicheke, nusu ya kesi zinaishia hapo). Kwenye kirikuu na Hiace injini iko chini ya viti, kwa hiyo tanki usilitafute mahali palepale kama kwenye gari dogo. Tafuta kifuniko chenye mchoro wa kioo na maji yanayoruka. Sasa geuza funguo bila kuwasha injini, mwenzako awashe maji ya waipa, wewe sikiliza. Kimya kabisa? Angalia fyuzi na waya wa pampu kabla ya kugusa kitu kingine. Ukisikia mvumo lakini maji hayaji, pampu inazunguka na kuna mahali maji yamekwama au yanavujia. Usiiache ivume muda mrefu bila maji, itaungua.

Tafuta maji yanaishia wapi. Chomoa taratibu mpira ulioingia kwenye nozeli, kisha mwenzako awashe tena. Yakiruka kwa nguvu kutoka kwenye mpira, mpira ni mzima, tatizo ni nozeli. Yasipotoka, rudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea kwenye tanki. Papasa mpira wote: panya wanapenda kuutafuna gari likilala karibu na ghala, na kwenye bawaba ya boneti huwa unakunjika na kubanwa. Mpira uliopasuka kata kipande kibovu, unganisha kwa kipande kigumu cha bomba jembamba. Gundi haidumu hapo.

Nozeli iliyoziba usiichokonoe kwa msumari. Ukipanua tundu, maji yatadondoka badala ya kuruka. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, pitisha taratibu. Kisha, mpira ukiwa umechomolewa, sukuma maji kwa bomba jipya la sindano kutoka nje kuelekea ndani, ili uchafu urudi ulikotoka. Ukiusukuma kwa mbele unaubana zaidi. Ukiona ukoko mweupe, hiyo ni chokaa: loweka nozeli kwenye siki au ndimu iliyochujwa kwa nusu saa, suuza. Upepo wa kompresa ya fundi pancha usiuingize mpira ukiwa bado umeunganishwa, unaweza kuua pampu.

Nozeli ikiwa safi na bado maji ni hafifu, chomoa pampu kwenye tanki. Weka beseni chini, maji yote yatamwagika. Pale inapochomekwa mara nyingi kuna chujio dogo, na humo ndimo utakuta udongo, majani yaliyooza na utelezi wa kijani. Safisha chujio, suuza tanki mpaka maji yatoke meupe.

Maana chanzo ni maji tunayojaza. Maji ya kijito wakati wa masika yana udongo hata ukiyaona masafi kwenye kopo. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mawe ya chokaa, yakikauka yanaacha ukoko uleule wa kwenye birika. Tumia maji ya mvua, yachuje kwa kitambaa, ongeza matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni ya unga hapana, inaganda.

Na hapa sina utani: usijazie tanki kwa chupa iliyowahi kuwa na kiuatilifu, hata kama umeisuuza. Hewa ya ndani ya gari huingilia chini ya kioo cha mbele, palepale maji ya waipa yanapotiririkia. Utakuwa unajipulizia dawa wewe na abiria wako. Chupa hiyo ni ya kusuuza mara tatu, kutoboa na kuitoa kwenye matumizi.

Ukimaliza, elekeza maji yapige katikati ya kioo au juu kidogo, kwa sababu gari likitembea upepo unayashusha. Nozeli zenye kigololi unazigeuza kwa pini. Pampu ikiwa imekufa kabisa, nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana zinafanana kwa macho lakini midomo yake haiingiliani.