Simu Inakwama Katikati ya Gemu? Anza na Mipangilio Kabla ya Kununua Nyingine

Jioni ikiingia Kitengela, ni kawaida kukuta vijana wanne au watano nje ya kibanda au kwenye ngazi za ploti wameinamia simu, kila mmoja akiwa ndani ya pambano lile lile la Free Fire, PUBG Mobile au eFootball. Ni kawaida vilevile kumsikia mmoja wao akilalama: picha iliganda, na ilipoanza kusonga tena mpinzani alikuwa amekwisha kufunga bao.

Malalamiko hayo huishia pawili. Wapo wanaoanza kudunduiza pesa za simu nyingine, au kuichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Wapo pia wanaotafuta mtandaoni programu inayoahidi kuongeza kasi ya simu, wakaipakua na kuipa kila ruhusa inayoomba. Njia ya kwanza ni ghali. Ya pili yaweza kuwa ghali zaidi, kwa sababu simu hiyo hiyo ndiyo yenye M-Pesa, jumbe za benki na akaunti ya eCitizen, na mara nyingi si ya kijana mwenyewe bali ni ya mzazi.

Yapo mambo ambayo mwenye simu ya Android anaweza kuyarekebisha mwenyewe bila kulipa hata senti. Hayataifanya simu ya shilingi elfu nane icheze kama ya elfu themanini, lakini mara nyingi hutosha kuondoa ule mkwamo unaoudhi. Majina ya sehemu za simu yaliyotumika hapa ni ya Kiswahili, na yanaweza kutofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix, itel, Samsung na nyinginezo. Mahali pa kuanzia ni pamoja: alama ya gurudumu lenye meno, yaani Mipangilio.

Je, ni simu au ni mtandao?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi huliruka. Dalili zake ni tofauti. Iwapo picha yote inasuasua, vidole vinagusa na simu inachelewa kuitikia, na hali ni hiyo hiyo hata katika gemu isiyohitaji intaneti, tatizo ni simu. Iwapo picha inasonga vizuri lakini wachezaji wengine wanarukaruka kutoka hapa hadi pale, au risasi inampata mtu na hapungukiwi na kitu, tatizo ni mtandao. Kumpa mgonjwa wa mtandao dawa ya simu ni kupoteza muda.

Tuanze na simu. Vijana wengi huitazama namba moja tu kwenye kasha: RAM. Ni namba muhimu, ila maana yake haieleweki kila mara. RAM ni kama meza ya fundi cherehani, na hifadhi ya simu ni kabati lake. Kitambaa kinachoshonwa sasa hukaa mezani; vingine hukaa kabatini. Meza ikiwa ndogo na juu yake pamejaa WhatsApp, TikTok, Facebook na kivinjari, gemu ikiletwa hukosa pa kukaa. Simu huanza kuondoa hiki na kurudisha kile, na hapo ndipo picha inapoganda. Ndiyo maana kufunga programu zilizofunguliwa, au kuizima simu na kuiwasha upya kabla ya pambano, husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kabati nalo lisijae. Hifadhi ikikaribia kwisha, simu nzima huwa nzito. Kwenye Mipangilio, sehemu ya Hifadhi huonyesha kilichoimeza nafasi, na mara nyingi mkosaji mkuu si gemu bali picha na video za vikundi vya WhatsApp: za harusi, za harambee na za salamu za asubuhi. Zima upakuaji wa moja kwa moja ndani ya WhatsApp, futa usiyoyahitaji, na uache angalau sehemu moja ya kumi ya hifadhi ikiwa wazi.

Hapa pana mtego mmoja. Ukifungua maelezo ya programu yoyote utaona vitufe viwili vinavyofanana, cha kufuta akiba na cha kufuta data. Kufuta akiba hakuna madhara. Simu huitengeneza tena. Kufuta data ni kuirudisha gemu ilivyokuwa siku ya kwanza. Mchezaji aliyeingia kama mgeni, bila kuunganisha akaunti yake na barua pepe au mtandao wa kijamii, anaweza kupoteza miezi ya jasho kwa kugusa mara moja. Unganisha akaunti kwanza, kisha ndipo usafishe.

Na kuhusu zile namba za kasha: simu inayotangazwa kuwa na "4+4" haina RAM ya GB 8. Ina GB 4, na nyingine 4 zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni polepole zaidi. Ni sawa na fundi kuweka kitambaa sakafuni akidai meza imeongezeka. Mkopo huo husaidia kidogo kuziweka programu nyingi wazi, lakini haufanyi gemu iende mbio, na hifadhi ikiwa ndogo ni afadhali kuuzima.

Joto

Simu haina feni kama ya kompyuta. Gemu nzito huichemsha, na inapochemka zaidi ya kiasi, simu yenyewe hupunguza kasi ya kichakataji chake ili isiungue. Mchezaji huona dakika kumi za mwanzo ni safi, kisha mambo yanaharibika, akalaumu mtandao. Huo ni ulinzi uliowekwa na mtengenezaji, na hakuna programu inayopaswa kuuondoa.

Samsung, kwa mfano, hushauri simu zake zitumike pahali penye joto lisilozidi nyuzi 35. Mchana wa Magadi huweza kuifikia namba hiyo kivulini, sembuse ndani ya matatu iliyoegeshwa juani. Kwa hivyo cheza kivulini, toa kava ya plastiki unapocheza muda mrefu, punguza mwanga wa skrini, na usicheze huku simu ikichajiwa, kwa kuwa kuchaji huongeza joto juu ya joto. Betri iliyovimba hadi kuinua kifuniko cha nyuma isichezewe wala kutobolewa. Izimwe na kupelekwa kwa fundi. Haijalishi fainali imebaki dakika ngapi.

Njia bora ya kupunguza joto, hata hivyo, imo ndani ya gemu yenyewe. Nyingi zina sehemu ya michoro ambamo mchezaji huchagua ubora wa picha na idadi ya picha kwa sekunde. Watu hupandisha vyote viwili kwa sababu kila kitu kinapendeza: vivuli, nyasi, maji yanayometameta. Kichakataji cha simu ya bei nafuu hakiwezi kuchora yote hayo mara 60 kwa sekunde, maana kila picha ina takriban milisekunde 17 tu za kukamilika. Shusha ubora wa picha hadi wa chini, zima vivuli, kisha jaribu idadi ya juu ya picha kwa sekunde. Ikiyumba, rudi 30. Picha 30 zisizokatika ni bora kuliko 60 zinazokuja na kupotea. Wachezaji wengi wa mashindano huchagua michoro duni kwa makusudi, na si kwa umaskini wa simu: adui huonekana upesi pasipo nyasi nyingi.

Kiokoa betri nacho kizimwe wakati wa mchezo, kwa kuwa kazi yake ni kupunguza kasi. Simu nyingi za siku hizi pia zina hali ya mchezo iliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe, inayonyamazisha arifa na kuipa gemu kipaumbele. Hiyo ni salama, na huja na simu.

Chaguo za wasanidi

Mada hii haizungumzwi vibandani bila mtu kutaja sehemu ya siri. Si siri. Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya Kuhusu Simu, kisha gusa nambari ya muundo mara 7, na simu itakufungulia Chaguo za Wasanidi, zilizokusudiwa watu wanaotengeneza programu. Humo kuna vipimo vitatu vya uhuishaji. Ukivishusha kutoka 1 hadi 0.5, menyu hufunguka haraka na simu huonekana nyepesi. Lakini tusidanganyane: hilo huharakisha menyu, si gemu. Lile chaguo la kulazimisha MSAA ya 4x, linalosifiwa sana, hulainisha kingo za picha kwa kukiongezea kichakataji kazi, kwa hivyo kwenye simu dhaifu hufanya kinyume cha kinachotafutwa. Kupunguza programu za nyuma kunaweza kusaidia, ila jumbe za WhatsApp huenda zikachelewa kufika. Mengine yote humo yaachwe yalivyo, na sehemu nzima inaweza kuzimwa kwa kitufe kilicho juu yake.

Mtandao

Hata simu nzuri haishindi umbali. Seva za gemu nyingi zinazochezwa hapa ziko nje ya Afrika Mashariki, hivyo kila mguso wa kidole husafiri kupitia nyaya za baharini zinazotua Mombasa, ukaenda na kurudi. Namba ya milisekunde inayoonekana pembeni mwa skrini ndiyo muda wa safari hiyo. Mei 2024, nyaya mbili za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa simu unaosaidia.

Siku za kawaida, yapo ya kufanya. Chagua seva iliyo karibu iwapo gemu inaruhusu. Penye Wi-Fi, kaa karibu na kifaa chake na utumie masafa ya GHz 5 iwapo yapo. Hayafiki mbali, lakini hayana msongamano mkubwa. Kwa anayetumia bando, kucheza kwenyewe hakuli data nyingi. Kinachokula ni masasisho ya gemu, yanayoweza kufika GB nzima. Ndani ya Play Store, weka programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Utaokoa bando, na simu haitaanza kupakua kitu kingine katikati ya pambano.

Programu za "kuongeza kasi"

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Programu isiyo ya mtengenezaji haiwezi kuongeza RAM wala kubadilisha kichakataji. Nyingi hufunga tu programu nyingine, kazi ambayo kidole chako kinaweza kuifanya, huku zikionyesha matangazo yanayoila simu zaidi. Mbaya zaidi ni faili za APK zinazotumwa kwenye vikundi vya WhatsApp na Telegram, zikiahidi almasi za bure au ushindi wa hila.

Tazama ruhusa zinazoombwa. Gemu haina haja ya kusoma SMS zako. Anayezisoma anaona nambari za siri za muda zinazotumwa na benki. Ruhusa ya huduma za ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, huweza kuiacha programu isome kilicho kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Mwenye nia mbaya akiipata, ni kana kwamba simu imo mkononi mwake. Acha Play Protect ikiwa imewashwa, na uzime ruhusa ya kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Mzazi anayempa mtoto simu aweke pia sharti la nywila kwa kila ununuzi wa Play Store.

Aliyekwisha kusakinisha kitu cha kutiliwa shaka akate intaneti, aiondoe programu hiyo, kisha abadilishe PIN na nywila kwa kutumia simu nyingine. Pesa zikiwa zimetoka, apigie kampuni ya simu mara moja (Safaricom ni 100) na aripoti kituo cha polisi kilicho karibu au kwa DCI kupitia 0800 722 203, bila malipo. Kuingilia simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

Ikiwa bado inakwama

Yote yakifanyika na hali ikabaki ile ile, huenda gemu imeizidi simu. Kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River, mwendo mfupi kutoka Kitengela, kilipozinduliwa Oktoba 2023, simu zake za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, ziliuzwa kwa shilingi 7,499 na 8,999. Ni bei zilizolenga kumtoa mtu kwenye kabambe na kumfikisha kwenye intaneti, na kwa kazi hiyo zinafaa. Simu ya kiwango hicho itakuchezea mpira mwepesi au drafti, lakini usiidai vita vya watu 100.

Anayeamua kununua nyingine, hasa iliyotumika, apige *#06# na kulinganisha nambari ya IMEI na iliyo kwenye kasha na risiti. Aangalie RAM halisi kwenye Kuhusu Simu bila kuhesabu ile ya kukopwa, na aulize iwapo simu bado ina deni, maana ya mkopo usiolipwa inaweza kufungwa kwa mbali ikiwa tayari mfukoni mwake. Kisha aombe kuicheza gemu yake palepale dukani kwa dakika 15, hadi simu ipate joto, kabla hajatoa pesa.