Kuchagua Betri Ndogo kwa Gari Lililofanyiwa Mabadiliko

Betri ya gari dogo hubadilishwa kwa iliyo ndogo zaidi ili kupata nafasi, na wakati mwingine ili kupunguza uzito. Toyota Starlet iliyofungwa turbo ni mfano mzuri. Mabomba ya kupoozea hewa na chujio kubwa hutaka kupita palepale betri ilipokaa, ubavuni mwa injini. Kwa kawaida kazi huanza na futi: fundi hupima uwazi uliobaki chini ya boneti, na betri yoyote itakayoenea ndiyo inayonunuliwa. Mpangilio huo ndio chanzo cha magari mengi kusukumwa asubuhi. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni umeme unaotumiwa na gari injini ikiwa imezimwa, na vipimo vya boksi vifuate baadaye.

Kuwasha injini kwenyewe hakuli umeme mwingi kama inavyodhaniwa. Stata ya injini ya lita 1.3 huvuta ampea 100 hadi 200, lakini kwa muda mfupi sana. Ampea 150 kwa sekunde 2 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea-saa moja, na betri ndogo iliyo nzima hutoa kiasi hicho bila taabu. Injini ikishawaka, alternata ndiyo inayolisha taa, feni na pampu ya mafuta, huku ikirudisha kilichotumika.

Mzigo unaoiua betri ndogo ni ule wa gari lililosimama. Alamu, kifaa cha kufuatilia gari na kumbukumbu ya redio vikivuta kwa pamoja miliampea 50, betri hupoteza ampea-saa 1.2 kila siku. Gari likiegeshwa siku 10, ni ampea-saa 12. Kwa betri ya ampea-saa 35 hiyo ni theluthi nzima, na vifaa vya bei rahisi vilivyounganishwa ovyo huvuta zaidi ya hapo. Muziki ni mzito kuliko vyote. Amplifaya inayovuta wastani wa ampea 20 huifikisha betri hiyo nusu kabla saa moja haijaisha, kwa sababu betri ya risasi inayotolewa umeme kwa kasi hutoa kiasi pungufu ya kile kilichoandikwa ubavuni. Mwenye gari la namna hii hana sababu ya kutafuta betri ndogo, hata kama nafasi inambana. Atafute nafasi nyingine.

Sababu ya betri ndogo kutovumilia mzigo huo iko ndani ya boksi. Tangu Gaston Planté wa Ufaransa alipounda betri ya risasi mwaka 1859, kanuni yake haijabadilika: mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi huzama katika tindikali ya salfa, na kila chumba hutoa volti 2.1 hivi. Vyumba sita hufanya volti 12.6. Umeme ukitoka, mabamba yote hufunikwa na salfeti ya risasi, na chaji huiondoa. Betri ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa, salfeti hiyo huganda na kuwa chembe ngumu zisizoondoka tena. Watengenezaji wa betri ndogo zenye nguvu kubwa ya stata hutumia mabamba membamba mengi, ili eneo linalogusana na tindikali liwe kubwa. Mabamba hayo hutoa umeme kwa kishindo, lakini hayavumilii kukamuliwa hadi chini mara kwa mara.

Mzigo ukishajulikana, vipimo huwa rahisi, kwa kuwa magari madogo ya Kijapani yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam hutumia mfumo mmoja wa namba. Chukua betri yenye maandishi 36B20L. Namba 36 ni daraja la nguvu zake. Herufi B ni kundi la upana na kimo: upana wa sentimita 13 hivi na kimo cha sentimita 20. Namba 20 ni urefu kwa sentimita, na L huonyesha upande wa chanya. Betri ya L ikitazamwa terminali zikiwa upande wa mtazamaji, chanya huwa kulia; ya R huwa kushoto. Kosa la herufi hiyo moja hufanya waya wa chanya usifike, na anayeulazimisha kwa kuigeuza betri hujikuta na terminali ya chanya chini ya chuma cha boneti.

Madukani betri hizi huitwa zaidi kwa majina ya zamani. NS40Z ni kundi la B20, na NS60 ni B24, yenye urefu wa karibu sentimita 24. Ukubwa wa D23 ni mfupi kidogo kuliko B24, ila umezidi upana kwa zaidi ya sentimita 4, na tofauti hiyo ndiyo inayogombana na mabomba ya turbo. Penye boneti ya chini sana kuna kundi A, lenye kimo cha sentimita 16 tu. NS40Z huwa na uzito wa kilo 9 au 10, wakati D23 hufika kilo 16 hivi. Namba za ampea-saa zisomwe kwa uangalifu: NS40Z ileile huandikwa 28 ikipimwa kwa saa 5, na 35 ikipimwa kwa saa 20. Betri mbili zilinganishwe kwa kipimo kimoja.

Terminali nazo zina unene wake. Za kundi D ni nene, chanya ikiwa na milimita 19.5; za kundi B kwa kawaida ni nyembamba, chanya ikiwa na 14.7. Anayetoka D kwenda B hukuta kibano kinacheza, na dawa iliyozoeleka ni kukichomekea kipande cha bati. Kipande hicho kikileta ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, stata ya ampea 150 hupoteza volti 1.5 pale kwenye kibano. Betri mpya hulaumiwa bure. Kibano cha saizi sahihi huuzwa kwa bei ndogo kuliko usumbufu huo.

Matangazo hupenda kutaja kipimo cha CCA, yaani ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa Oslo au Chicago ni kipimo cha maana sana. Kwa Tanga au Malindi, adui ni joto. Kwa makadirio yanayokubalika, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu, na betri iliyobanwa kando ya turbo hupikwa kila siku. Bati la kuzuia joto kati yake na turbo, lenye uwazi wa kupitisha hewa, lina faida kuliko kulipia CCA kubwa.

Kuhusu aina, betri ya kawaida ya tindikali inatosha penye matumizi ya kawaida. Ile inayouzwa kama betri kavu nayo kwa kawaida ina tindikali ya maji ndani, kwa hiyo haifai kulazwa ubavu. AGM ni tofauti: tindikali yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo, hivyo haimwagiki na huvumilia kutumika na kuchajiwa mara nyingi zaidi, ingawa ni ghali na haipendi joto la injini. Gari linalojizimia kwenye foleni huja na betri yake maalumu, yenye namba kama M-42 au N-55, na kuliwekea ya kawaida ni kuitupa mapema.

Lithiamu yenye fosfeti ya chuma ndiyo nyepesi kuliko zote, kilo 3 au 4 mahali pa 10. Shida ni kwamba baadhi ya wauzaji huandika ampea-saa za betri ya risasi inayolingana nayo kwa nguvu ya stata, wakati akiba halisi ni ndogo zaidi ya hapo. Haitaki chaji ipite volti 14.6, na chini ya boneti yenye turbo si mahali pake. Kwa gari la mashindano ni chaguo zuri. Kwa gari la kwenda kazini, NS40Z au AGM ya ukubwa uleule inatosha.

Kuhamishia betri kwenye buti huondoa tatizo la joto, na si jambo la kubahatisha: Mazda MX-5 ilitoka kiwandani hivyo mwaka 1989, ikiwa na betri ya AGM na mirija ya kutolea gesi nje. Baadhi ya Toyota Prius nazo huweka betri ya volti 12 nyuma, yenye namba inayoanza na S. Mirija hiyo si pambo. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Waya nao hubadilika. Mita 4 za shaba ya milimita 16 za mraba hupoteza volti 0.7 hivi wakati wa kupiga stata ya ampea 150. Za milimita 35 hupoteza 0.3. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na terminali ya chanya, maana waya usio na fyuzi ukichubuka chini ya kiti huwasha moto. Betri yenyewe ifungwe kwa chuma na boliti, kamwe isifungwe kwa mpira wa baiskeli.

Dukani, mita ya volti ndiyo shahidi. Betri mpya iliyotulia ionyeshe volti 12.6 au zaidi. Iliyoshuka chini ya 12.4 imekaa rafuni mno, na tarehe ya kutengenezwa itathibitisha.

Betri ya zamani irudishwe kwa muuzaji ikiwa wima, bila kumwagwa tindikali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo, na mwaka 2015 Phyllis Omido alipewa Tuzo ya Goldman kwa kupigania haki yao. Risasi ikishaingia kwenye udongo wa uani, haiozi wala haiishi.