Je, Wajua? Julai ya Mashabiki wa Garissa

Je, wajua kwamba rekodi ya mahudhurio ya kandanda nchini Marekani iliwekwa na mechi ya kirafiki? Tarehe 2 Agosti 2014, watu 109,318 walifurika Michigan Stadium, mjini Ann Arbor, kuitazama Manchester United ikiilaza Real Madrid 3-1. Hakuna pointi ya ligi iliyokuwa ikigombewa, na Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa bado haijaanza. Garissa ilikuwa saa tano usiku kipenga cha kwanza kilipolia, siku chache tu baada ya Idi.

Kwa shabiki wa mji huu wa ukingo wa Tana, kilomita hazina uzito. Old Trafford iko mbali mwaka mzima, na tumeshazoea. Kinachosumbua ni saa. Katika msimu wa kawaida, mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri kule hutukuta saa kumi na moja jioni. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, nayo inasogea hadi saa kumi na mbili, magharibi ikinukia. Sisi saa zetu hatuzigusi, maana hapa karibu na Ikweta jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Basi mtu hupanga kazi zake, swala zake na chai yake kulingana na ratiba hiyo. Ikifika Julai, ratiba yote inavurugika kwa sababu timu yenyewe imefunga mizigo na kuhama bara.

Ikielekea mashariki tunapata nafuu. Singapore imetutangulia kwa saa tano, kwa hivyo mpira wa jioni kule ni mpira wa alasiri huku. Arsenal ilipoichapa AC Milan 1-0 nchini humo tarehe 23 Julai 2025, shabiki wa Garissa aliweza kuitazama mchana kweupe. Siku nane baadaye, Arsenal na Tottenham zilikutana Hong Kong. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahasimu hao wa kaskazini mwa London kuchezea mechi yao nje ya Uingereza. Pape Matar Sarr alimwona kipa David Raya ametoka langoni, akaupiga mpira kutoka karibu na mstari wa katikati ya uwanja, ukatinga wavuni. Bao kama lile hulioni kila msimu, na lilifungwa katika mechi isiyo na pointi.

Ikielekea magharibi, ndipo mapenzi yanapopimwa. California iko nyuma yetu kwa saa kumi wakati wa Julai. Arsenal na Man U zilipokutana katika uwanja wa SoFi, karibu na Los Angeles, tarehe 27 Julai 2024, kule ilikuwa saa kumi na moja jioni. Kwetu ilikuwa imeshaingia tarehe 28, saa tisa usiku. Rasmus Højlund alifunga mapema kisha akaumia. Gabriel Jesus akasawazisha, naye Gabriel Martinelli akapachika la ushindi dakika za mwisho. Lakini aliyesikitisha zaidi usiku ule ni Leny Yoro, beki kijana ambaye Man U ilikuwa imemsajili mwezi uleule. Alivunjika mfupa wa mguu kabla ya mapumziko. Wapinzani waliocheza naye siku aliyoumia ndio aliokutana nao aliporejea: mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuja tarehe 4 Desemba, dhidi ya Arsenal. Anayesema mechi za maandalizi hazina maana na amtazame Yoro.

Mechi ya saa tisa usiku ina jambo moja jema kwa mji wa Waislamu. Inaisha adhana ya alfajiri ikikaribia, kwa hivyo aliyekesha haendi kulala kwanza. Anatawadha na kuelekea msikitini.

Je, wajua kwamba kuna miaka ambapo ziara hizi ziliangukia Ramadhani? Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa takriban siku 11, na ndiyo maana mwezi wa mfungo huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Kuanzia 2012 hadi 2015, Ramadhani ilipita katika Julai. Mwaka 2014 Man U, ikiwa na kocha mpya Louis van Gaal, iliitandika LA Galaxy 7-0 huko Pasadena. Kule ilikuwa usiku wa tarehe 23 Julai. Huku tulikuwa tumeshakula daku, tumeshaswali, na kunakucha. Ramadhani itarudi kukutana na Julai kuanzia mwaka 2044 hivi.

Ushindi ule wa 7-0 una funzo lake la kikatili. Van Gaal alipita Marekani nzima bila kushindwa. Roma, Inter, Real Madrid, kisha Liverpool 3-1 katika fainali ya mashindano ya kirafiki huko Miami tarehe 4 Agosti. Siku 12 baadaye ligi ikaanza, na Swansea ikaifunga Man U 2-1 palepale Old Trafford. Kabla ya Agosti kuisha, MK Dons ya daraja la tatu ikaitoa katika Kombe la Ligi kwa mabao manne kwa nunge. Aliyekuwa amekesha Julai yote akijigamba alihitaji moyo mgumu.

Lakini Antonio Conte naye alikwenda ziara ya Marekani alipoanza kazi Chelsea, mwaka 2016, na msimu ule akatwaa ubingwa. Ziara hiyo inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Tarehe 3 Agosti Chelsea iliifunga AC Milan 3-1 katika U.S. Bank Stadium, Minneapolis. Ndiyo iliyokuwa mechi ya kwanza kabisa ya mchezo wowote katika uwanja huo mpya. Minnesota ndilo jimbo lenye Wasomali wengi kuliko yote Marekani, na wengi wao walipitia kambi za Dadaab, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Garissa mjini. Mtaa wao maarufu wa Cedar-Riverside uko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka uwanjani hapo. Jamaa za watu wa huku waliweza kwenda kwa miguu kuitazama Chelsea, huku ndugu zao Garissa wakisubiri matokeo gizani.

Mahali uwanja huo uliposimama palikuwa na mwingine, Metrodome, ambamo timu ya besiboli ya Minnesota Twins ilicheza hadi 2009 na kutwaa mataji yake ya 1987 na 1991. Besiboli nayo ina maandalizi yake, tena marefu: kuanzia katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Machi. Timu 15 hupiga kambi Florida na 15 Arizona. Twins wako Fort Myers, Florida, tangu 1991. Mechi ya saa saba na dakika tano mchana kule ni saa tatu na dakika tano usiku huku, na kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani wakisogeza saa mbele, inakuwa saa mbili na dakika tano. Katika Ramadhani za 2025 na 2026, huo ndio uliokuwa muda wa tarawehe. Zamu ya kukutana na Ramadhani sasa imefika kwa besiboli.

Usiku wenyewe wa Garissa haukuwa huru siku zote. Baada ya shambulio la 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148, kafyu ya saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Hakuna aliyekuwa akiwaza mpira wiki zile. Lakini kijana anayetembea leo kutoka kibanda cha mpira usiku wa manane, akibishana na wenzake kuhusu kiungo mpya, anafanya jambo ambalo mji huu ulinyimwa, na mimi hufurahi kusikia kelele zao.

Na je, wajua kwamba mara moja maandalizi yaliletwa kwetu, kwa saa zetu? Tarehe 13 Julai 2017 Everton ilicheza na Gor Mahia ya Kenya jijini Dar es Salaam, ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kucheza Tanzania. Wayne Rooney, aliyekuwa amerejea Everton siku nne tu kabla, alifunga kwa kombora la mbali. Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, kabla ya Kieran Dowell kuipa Everton ushindi wa 2-1. Hakuna aliyehitaji kuhesabu saa wala kukesha. Mwaka uliofuata, Novemba, Gor nayo ikaenda Goodison Park, ikafungwa 4-0.