Kabla ya Kununua Injini Iliyotumika

Katika sehemu za Kivaa na Masinga, pikapu inayotembea ni nusu ya shamba. Maembe yakiiva mwezi wa Desemba hayamngoji mtu, na ndengu zikishavunwa, bei nzuri huenda kwa yule anayefika sokoni mapema. Kwa hiyo injini ya gari inapokufa, mwenye gari huiona njia moja tu: kuuza ng'ombe wawili, kwenda Nairobi na kurudi na injini iliyotumika. Jambo hilo si baya. Lakini wako watu waliopoteza ng'ombe wao wakabaki na injini mbili zilizokufa badala ya moja. Maneno haya yameandikwa ili wewe, msomaji, usiwe mmoja wao.

KWANZA, UJUE KILICHOUA ILE YA KWANZA

Injini haifi bila sababu, na sababu ile haiondoki pamoja na injini mbovu. Hukaa palepale ikiingoja mpya.

Huku kwetu sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni vumbi. Chujio la hewa likitoboka au mpira wake ukipasuka, vumbi la barabarani huingia ndani ya silinda na kuisugua kama msasa. Ya pili ni maji. Visima vingi vya Ukambani vina maji ya chumvi. Ukiyatia kwenye rejeta, chumvi huganda ndani ya mirija, maji hayapiti, injini hupata moto kupita kiasi, na kichwa cha silinda hupasuka. Maji ya bwawa la Masinga, lililomalizika kujengwa mwaka wa 1981, nayo hayafai kutiwa hivi hivi kwa sababu Mto Tana huleta udongo mwingi. Afadhali maji ya mvua kutoka paa la mabati, pamoja na dawa ya rejeta.

Basi kabla hujauza ng'ombe hata mmoja, mwambie fundi afungue injini ya zamani na akuonyeshe ilikufa kwa nini. Huenda ukakuta kwamba yafaa kutengenezwa yenyewe.

PILI, BEI YA DUKANI NI NUSU TU

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme una shilingi 100,000. Ukinunua injini ya shilingi 100,000, umenunua chuma tu. Bado hujalipa usafiri, gasketi, ringi za pistoni, beringi, kazi ya mashine, oili, chujio, wala mkono wa fundi. Mwenye shilingi 100,000 anunue injini ya shilingi 50,000, na nusu nyingine aifunge kando. Kama injini ya bei hiyo haipatikani, basi angoje mpaka fedha zitoshe. Kungoja msimu mmoja si hasara kama kulaza chuma ghalani miaka mitatu.

TATU, NAMNA YA KUICHAGUA

Injini nyingi zilizotumika huuzwa Nairobi kwenye Barabara ya Kirinyaga, mtaa ambao wengi bado huuita Grogan. Nyingi hutoka Japani. Huko magari hupasishwa mara kwa mara kwa gharama kubwa, hata wenyewe huyaacha yakiwa bado na nguvu. Muuzaji atakuambia kwamba injini yake imetembea kilomita chache. Lakini saa ya kilomita ilibaki Japani, ndani ya gari lenyewe. Kwa hiyo sadiki macho na vipimo. Nenda na fundi wako, na mfanye haya:

1. Ichomoeni fimbo ya oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Iacheni injini hiyo.

2. Izungusheni injini kwa mkono kwa spana, mizunguko miwili kamili. Ikikwama mahali, msiendelee.

3. Ikiwa yaweza kuwashwa, iwasheni ikiwa baridi. Ukiikuta tayari ina moto, uliza kwa nini. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto huenda ni maji yanayoingia ndani.

4. Fungueni kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka.

5. Pimeni mgandamizo wa kila silinda kwa saa yake. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa mgandamizo wa hewa, wala haina plagi za cheche za kuisaidia. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, injini hiyo ni mgonjwa.

Tena angalia namba ya injini iliyopigwa kwenye chuma. Ikiwa imesuguliwa au imepigwa upya, ondoka hapo. Dai risiti yenye namba hiyo na jina la muuzaji. Ukifika nyumbani, usiiache risiti sandukuni. Kitabu cha gari kina namba ya injini ya zamani, na mabadiliko lazima yaandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Mtu asiyefanya hivyo atapata taabu siku ya kukaguliwa au siku ya kuuza gari.

NNE, KUPIMA KABLA YA KUFUNGA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fundi mwenye haraka hutia ringi mpya ndani ya silinda iliyokwisha kulika, naye mwenye gari hufurahi kwa mwezi mmoja. Chukua mfano wa injini ya Toyota ya dizeli iitwayo 2L, ambayo imetumika sana katika Hilux. Ina silinda nne, na upana wa kila moja ni milimita 92. Silinda ikilika sehemu mbili tu za kumi za milimita, yaani unene wa nywele mbili tatu za kichwa, ringi mpya haziwezi kuziba vema. Jicho haliwezi kuipima tofauti hiyo, wala kidole. Hupimwa kwa maikromita katika karakana yenye mashine. Silinda iliyolika hutobolewa upya na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Kichwa nacho kipimwe kama kimepinda au kina ufa. Waambie wakuandikie vipimo vyote kwenye karatasi, na karatasi hiyo uiweke.

Usione haya kwa sababu chombo chako ni cha zamani. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, watu wa Kenya, walishinda mashindano ya East African Safari kwa gari la Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi, naye alijua kilichomo ndani ya gari lake.

TANO, PANGA KWA MAJIRA

Nunua baada ya kuuza maembe, si kabla. Kazi ya kupima na kufunga ifanyike katikati ya mwaka, wakati mizigo ni michache. Kilomita 1,000 za kwanza usibebe mzigo mzito wala usikimbize gari, na oili ya kwanza uimwage mapema, kwa maana huwa na unga wa chuma. Hivyo Desemba ikifika, injini itakuwa imezoea kazi.

Mwisho, andika gharama zote kwenye daftari: injini, vipuri, mashine, fundi na mafuta ya mwaka mzima. Kisha ulinganishe na gharama ya kukodi lori pamoja na majirani wanne au watano wakati wa mavuno. Kwa mwenye miembe michache, lori la pamoja laweza kuwa rahisi zaidi, na ng'ombe wake wakabaki zizini. Ukishindwa kuipiga hesabu hiyo peke yako, ipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yako kabla hujapanda gari la Nairobi.