Mzinga unaojificha

Ukipiga bunduki, inakupiga teke begani. Mzinga wa pwani una teke kubwa zaidi. Je, nguvu hiyo yote inaenda wapi?

Alexander Moncrieff, mwanajeshi Mskoti aliyeona mzingiro wa Sevastopol mwaka 1855, aliamua kuitumia. Katika mtambo wake, mzinga ukishafyatuka unarudi nyuma na kuzama chini ya ukuta wa ngome, huku ukiinua uzito mkubwa. Breki inaushikilia hapo. Askari wanajaza baruti na risasi wakiwa wamekingwa. Breki ikiachiwa, uzito unashuka, mzinga unapanda. Yaani lile teke halipotei, linawekwa akiba.

Ila ukuta ulimkinga askari na meli iliyo mbele yake tu. Ndege zilipokuja, ziliona shimo lote kutoka juu.